Sakafu Sawa Kama Meza ya Chai

Jumatatu, 17 Novemba

Bwana asifiwe, nimepata kazi. Jumamosi watu wa Kipngeno wanatoka Bomet kuja kumposea binti yetu Abigael. Bafu letu lina kuvu mpaka darini, na sakafu imepasuka kama kisigino. Mke wangu Magdaline amesimama mikono kiunoni, akasema likibaki hivyo atawapitisha wageni kwenye ua wakanawe kwa jirani. Kwa Johana! Ambaye tangu aweke vigae anaacha dirisha la bafu wazi ili tuone.

Sitaki fundi. Nimechuna chai miaka ishirini na sita. Bafu litanishinda?

Jumanne, 18 Novemba

Nimebomoa sakafu ya zamani. Imetoka vizuri, pamoja na bomba moja. Tumefunga maji ya nyumba nzima. Magdaline anachota kwa Johana. Yaani ndoo zetu zimewatangulia wageni.

Johana amekuja kuangalia. Hakualikwa. Alikuwa fundi wa mawe kabla ya kustaafu na hawezi kusahau. Akasema sakafu ya bafu lazima iiname kidogo kuelekea shimo la maji. Nikamshukuru. Nikamwambia kwangu hakuna kitu kinachoinama. Ni wivu tu, Mungu amsamehe.

Alhamisi, 20 Novemba

Bomba limepona kwa mpira wa baiskeli na maombi. Leo vigae.

Wazo lilinijia wakati wa sala ya asubuhi, nilipopaswa kuwa nimefumba macho. Shambani tunalaza fito juu ya michai, na kila chipukizi linalozidi fito linachunwa. Ndiyo maana meza yangu ya chai, yaani uso wa juu wa michai, ni sawa kama kitanda cha hoteli. Mwaka jana afisa wa chai alileta wakulima kutoka Chepilat waje waione. Basi, nikaingiza fito bafuni. Kigae kikizidi, nagonga. Kikipungua, naongeza simiti. Saa kumi jioni sakafu ilikuwa sawa pande zote nne. Nikaweka chungwa katikati. Likatulia kama mzee wa kanisa!

Nikamwita Magdaline aone. Akalitazama lile chungwa, akauliza kama maji nayo yatatulia hivyo. Huyu mama ana imani haba.

Ijumaa, 21 Novemba

Kuta nimepaka kijani. Mimi pia. Sijafungua maji, simiti ipumzike. Tena kujaribu ni kumtilia Bwana shaka.

Abigael amefika jioni. Akanishika mkono, rangi na yote. Akasema, “Baba, yule mjomba wao, mzee Kipchoge, akisema hapana ni hapana. Tafadhali usinitie aibu.”

Nikamwambia mzee huyo atatamani angezaliwa hapa.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua kubwa. Gari la wageni likakwama kwenye mteremko, na mzee Kipchoge akasukuma na vijana. Akafika na tope mpaka magotini. Akaomba mahali pa kunawa. Moyo wangu ukacheza! Magdaline alikuwa ameshaanza kuonyesha kidole upande wa ua, lakini nilimwahi. Nikafungua maji ya nyumba, nikamfungulia mzee mlango wa bafu mimi mwenyewe.

Yeye akinawa, sisi tukaanza na maombi sebuleni. Niliomba baraka zitiririke katika nyumba hii, zifurike, zisimruke mtu. Nikahisi baridi kwenye soksi. Nikajua ni upako. Nikaongeza dakika tano.

Nilipofumbua macho, wageni wote walikuwa wameinua miguu. Ndala za Magdaline zilikuwa zinaelea kuelekea mlangoni, moja nyuma ya nyingine. Abigael alikuwa amejifunika uso na leso.

Mzee Kipchoge akatokea, suruali imekunjwa. Akauliza nani ameweka ile sakafu. Nikakiri. Akauliza nimepimaje. Nikamwonyesha fito.

Akaishika, akaigeuza. “Bwana Muchiri, mimi nalima chai tangu kijana na sijaona meza iko sawa hivi. Sasa hapo bafuni tutachuna nini?”

Akacheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika. Wakacheka wote. Abigael akatoa uso kwenye leso.

Tukapitia kwenye ua, sufuria za chapati vichwani, mpaka kwa Johana. Huko ndiko mambo yalikubaliwa. Mzee alisema mtu anayeteseka hivi kwa ajili ya binti yake hawezi kukataliwa ukwe. Johana alikaa katikati, miguu mikavu, akimimina maziwa lala ya mursik. Kuhusu sakafu hakusema hata neno. Hiyo ndiyo iliniuma.

Jumapili, 23 Novemba

Tumetoa shukrani kanisani. Maji tumeyafunga tena, na Johana amesema Jumanne atakuja kuinamisha sakafu kidogo. Nimekubali kwa ajili ya amani ya nyumba. Lakini fito haikukosea. Mzee alifungua maji mengi.

Halafu nimegundua jambo tulipofika nyumbani kutoka ibadani. Mtaro wa paa letu umeinama! Umelalia upande wa tangi la maji, miaka yote hii, na watu wanapita wanaona. Sijui fundi gani aliufunga akiwa anasinzia. Wakwe wanarudi Desemba.

Ngazi nimeshaitoa. Kesho Magdaline akienda kuchota maji kwa Johana, mimi na fito tutakuwa juu.