Hotuba ya Mkuu wa Friji na Madirisha

Mheshimiwa binti yangu mkubwa, uliye mbali kikazi; Mheshimiwa kaka yako, fundi wa friji; Mheshimiwa mkwe wangu, mke wa fundi, anayelala na blanketi mbili kwa sababu ya madirisha yangu; Mheshimiwa bibi yenu, asiyesikia na bado anajibu; Mheshimiwa mjukuu wangu Kidole-Mdomoni; itifaki imezingatiwa, hata paka kasalimiwa. (Makofi.)

Anayehutubia ni mama yako yuleyule mpika chai wa ofisi. Maneno haya makubwa nimeyaokota mikutanoni nikigawa vikombe, maana kwa maneno yangu mwenyewe naona haya.

Ndugu wananchi wa sebuleni, nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba mradi wetu kabambe wa Mazungumzo ya Wazi Baina ya Mama na Watoto Wake Wakubwa Kuhusu Kukoma Hedhi umetekelezwa kwa asilimia tisini na tisa, na wadau wote wameshirikishwa kikamilifu, kuanzia feni hadi mito ya kulalia. (Vigelegele. Bibi yenu anauliza nani anaolewa.)

Katika sekta ya ubaridi, kaka yako ameshabadilisha mpira wa mlango wa friji mara mbili, kwa kuwa kila akiamka anakuta barafu imeyeyuka. "Mama, friji hili lina jini!" Nami, kwa mujibu wa sera ya usiri, nikamjibu, "Angalia vizuri, baba, mipira ya siku hizi haina maana." Kumbe jini ni mimi, nimeingiza kichwa baina ya maziwa na nyanya, joto limenipanda kifuani kama niliyemeza jiko. (Kicheko. Fundi hacheki.)

Mama yangu, enzi zake, joto hili alilisingizia jiko. Mimi naisingizia mipira. Hayo ndiyo maendeleo.

Katika sekta ya hasira kulijitokeza changamoto ndogondogo. Ulipokuja likizo ukafunga dirisha nililolifungua, ukasema, "Mama, siku hizi huambiliki!" Nikakujibu rudi ulikotoka. Ukarudi kweli, na chai yako hukuimaliza. Ukamwambia kaka yako kwamba nimekuchoka. Mwanangu, nilichokichoka ni huu mwili unaowaka bila kuni. Wewe nakuchokaje?

Friji oyee! (Oyee!) Dirisha wazi! (Wazi daima!)

Nawashukuru wote kwa kunisikiliza, ingawa hakuna aliyenisikiliza. Mradi wenyewe haupo, mama. Hakuna niliyemwambia hata neno moja. Ukumbi ni jikoni, na hayo makofi ni mfuniko wa sufuria ya chai inayochemka. Wewe, unayesoma ujumbe huu kwenye simu, ndiye wa kwanza kujua.

Kaka yako yuko mlangoni, kashika mpira wa tatu. Nimwambieje? Nijibu upesi, hata kama bado umenuna, nijibu hivyohivyo umenuna. Au njoo umwambie wewe. Dirisha utalifunga, nitavumilia.