Anayechoma Hoho kwa Umeme Wetu

Jumatatu, 20 Septemba

Bili ya umeme imefika. Imepanda maradufu. Shangazi Stoyanka aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akanitazama mimi, si jokofu. Alisema nyumba hii ina watu wawili, na mmoja wao hulala saa tatu akiwa amezima hata taa ya choo. Nilimweleza kwamba hoja hiyo ina kasoro ya kimantiki: imesahau uwezekano wa mtu wa tatu. Akajibu kwamba mtu wa tatu asipopatikana kufikia mkutano wa jengo Jumapili, nitarudi kwetu Straldzha kwa baba, nikawalishe nguruwe hiyo shahada yangu ya falsafa.

Mtu wa tatu ninamjua. Chini yetu anaishi Mzee Rangel, fundi umeme mstaafu na msimamizi wa jengo. Wiki nzima yuko roshani na jiko lake la umeme, anachoma hoho za kuweka kwenye mitungi kwa ajili ya majira ya baridi. Fundi umeme. Hoho kilo sitini. Bili yetu. Sihitaji kusema zaidi, ingawa nitasema.

Jumanne, 21 Septemba

Ushahidi mpya, mzito kuliko wa kwanza. Kompyuta yangu inapelelezwa! Nikiwa mezani, iko kimya. Nikienda jikoni, feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Nikirudi na kugusa kipanya, kimya tena. Humo ndani mna mtu anayesikia hatua zangu. Rangel amepitisha waya.

Bahati nzuri mimi si mzembe. Tangu Juni nina programu ya kuzuia virusi iitwayo Ngome ya Dhahabu, iliyo bora kuliko zote kwa maelezo yake yenyewe. Pembeni mwa skrini mna alama ya sururu ndogo inayopanda na kushuka. Inachimbua virusi. Chini yake pameandikwa: Uko salama.

Shangazi aliingia bila kubisha, akaweka mtungi wa maziwa nyuma ya kompyuta na kuufunika taulo. Alidai chumba changu ndicho chenye joto kuliko vyote, na mtindi utaganda vizuri. Nilipinga kwa hoja tatu. Mtungi ulibaki.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimekaa ngazini tangu asubuhi, mbele ya sanduku la mita, na kitabu cha kujifichia. Kisahani cha mita yetu, kile kinachozunguka umeme unapotumika, kilizunguka bila haya. Rangel alipita na kreti la hoho.

"Msomi, siri ya mita haimo kitabuni humo," alisema. "Shika upande wa pili tupande."

Nilikataa kwa msimamo. Alitabasamu. Mtu asiye na hatia hatabasamu akiwa amebeba kilo ishirini.

Saa tano alikwenda sokoni. Nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara. Kisahani hakikupunguza mwendo hata kidogo. Kwa hiyo ameacha jiko likiwaka makusudi, ili nidhani si yeye. Nimekutana na akili ya hali ya juu.

Mtindi umeganda. Shangazi amempelekea bakuli. Tunamlisha mwizi.

Jumamosi, 25 Septemba

Hotuba imekamilika. Kurasa kumi na moja, pamoja na utangulizi kuhusu haki. Nilipokuwa nikiisoma kwa sauti nilimsikia Shangazi akicheka ngazini na Rangel. Jina la Shangazi nimeliongeza, kwa penseli, kwenye orodha ya washukiwa.

Jumapili, 26 Septemba

Mkutano ulifanyika mlangoni mwa jengo. Kila mmoja alikuja na kigoda, na wengi na majiko yao ya hoho pia, kwa kuwa hoho hazisubiri mkutano. Nilifika ukurasa wa nne. Bi Pavlina wa ghorofa ya kwanza akauliza kama ninaweza kumenya huku nasoma. Ndipo nilipoziacha kurasa saba na kunyoosha kidole: Mzee Rangel anatuibia umeme.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alifuta mikono taratibu.

"Miaka thelathini na minane nimeshika nyaya za watu, kijana. Haya, twende kwenye mita. Wote."

Alizima jiko lake. Kisahani chetu kikazunguka. Majirani wakazima yao. Kikazunguka. Shangazi akachomoa jokofu. Kikazunguka, kwa kujivuta kidogo tu. Rangel akaingia chumbani kwangu, akasikiliza feni, akaweka kiganja juu ya mtungi wa mtindi, akachomoa waya wa kompyuta. Bi Pavlina akapaza sauti kutoka ngazini kwamba kimesimama.

Akauchomeka tena, akavaa miwani, akabonyeza ile sururu. Mimi sikuwahi kuibonyeza, alama huangaliwa. Yakatokea maandishi: Asante, Zdravko! Tangu Juni kompyuta yako inatuchimbia sarafu za mtandaoni, kwa nguvu zake zote na umeme wako, kila unapoondoka mezani. Ngome huchukua fungu lake kwanza. Fungu langu mimi, kwa mujibu wa maandishi hayo, halijafikia kiwango cha chini cha kutolewa. Na nilikubali mwenyewe, ukurasa wa thelathini na moja wa masharti.

"Unasema umesoma vitabu mia tisa," Rangel alisema kwa upole. "Haya masharti yalikushinda nini?"

Nilijibu kwamba maandishi yale hayana thamani ya kifasihi. Walicheka mpaka ngazi ikaitikia. Shangazi ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Hukumu: kesho namenya hoho zote za Rangel, hadharani. Ngome itoke. Bili ikipanda tena, basi la Straldzha huondoka saa moja asubuhi.

Jumatatu, 27 Septemba

Nimemenya. Vidole vyeusi, kucha zinawaka. Rangel alinipa mtungi mmoja wa hoho, eti wa asante. Anaficha nini?

Jumanne, 28 Septemba

Ngome ya Dhahabu niliiondoa Jumapili ileile. Lakini kompyuta haiwezi kukaa uchi. Nimepata nyingine, Mlinzi Mwaminifu, ya bure kabisa, iliyoahidi kwa herufi kubwa kuwafukuza wachimbaji wa siri. Masharti yake ni kurasa arobaini na sita. Safari hii nilisoma. Sentensi nzima ya kwanza. Mtindo ni dhaifu mno. Nikabonyeza Nakubali. Pembeni mwa skrini sasa mna ndoo ndogo inayopanda na kushuka. Inateka uchafu.

Baada ya chakula cha mchana Shangazi alileta maziwa, akinung'unika kwamba chumba kimepoa tangu Jumapili na labda hayataganda. Kufikia chakula cha jioni yalikuwa yameganda kama jibini.

Nimeteremka kwenye mita. Kisahani kinakimbia. Nimesikiliza mlangoni kwa Rangel: kimya, wala hakuna harufu ya hoho hata chembe.

Amejifunza kuchoma bila harufu. Nimeanza ukurasa wa kwanza wa hotuba mpya.