Kengele ya Uji

Jamani, leo nimeadhirika. Na mpaka sasa sijaelewa vizuri nimeadhirikaje.

Mnajua nina kituo cha kulelea watoto hapa nyumbani, Kawe. Watoto kumi na wanne, mie na msaidizi wangu Zuhura. Leo asubuhi kaja afisa ustawi wa jamii kukagua usalama. Asiporidhika, leseni haihuishwi na geti nalifunga. Na kazi nyingine siijui!

Mama wa makamo, faili kwapani, koti jeupe (joto lote hili, koti la nini?). Nikamwamkia, akaitikia, akaanza. Soketi zimefunikwa, tiki. Kizima moto ukutani, tiki. Dawa za choo ziko juu kabatini, tiki. Kichwa kikaanza kunivimba. Nikamkonyeza Zuhura.

"Sasa zoezi la moto," akasema. "Chukulia moto umeshika jikoni. Toa ishara yenu, watoto watoke mpaka getini. Mie nasubiri huko, napima muda."

Ishara yetu? Nina kengele ya mkono. Moja tu. Nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Watoto wakasimama wote kwa pamoja. Nikafurahi. Wakachukua vikombe vyao. Nikashangaa. Wakakimbilia jikoni.

Jikoni! Kwenye moto!

Kengele ile huwa naipiga saa nne, uji ukiiva. Miaka mitatu sasa. Kazi yake nyingine hawaijui. Nikawafuata mbio ili niwatoe. Nikakuta wamepanga foleni nzuri, kimya, wananitazama. Hapo sijui nini kilinipata. Nilishtukia nimeshika upawa, namimina uji (mazoea yana tabu).

Afisa kasubiri getini weee, mwisho kaja mwenyewe. Kanikuta kwenye kikombe cha sita.

"Mwalimu, moto uko wapi?"

"Uko chini ya sufuria, mama." (Ndiyo. Nimemjibu hivyo hivyo.)

Akaangalia saa yake. "Kwa hesabu zangu, wewe umeshaungua. Hebu hesabu watoto."

Nikahesabu. Kumi na watano. Nikarudia. Kumi na watano! Zuhura naye akahesabu kwa kidole, akapata kumi na watano, akanitazama kana kwamba huyo wa ziada nimemzaa mie pale pale. Watu wanapoteza watoto kwenye moto, mie nimeongeza!

Mwisho wa foleni nikaona kikombe nisichokijua. Kikubwa, cha bati.

"Wewe nani?"

"Nasri."

"Unasoma hapa?"

"Hapana. Nakaa nyumba ya pili. Nimesikia kengele."

Afisa akaandika. Akaandika tena. Nikaona leseni yangu inaondoka hivi hivi. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli, ila ningelia na upawa mkononi.

Ndipo Tausi, miaka minne, mdomo kama redio, akamnyooshea kidole yule mama na koti lake. "Mwalimu, huyu ndo wa sindano?"

Vikombe chini! Watoto wote mlangoni, uani, getini. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, hakuna aliyeanguka. Nasri alikuwa wa kwanza.

Afisa akatazama saa yake, akatazama jikoni tupu, mie na Zuhura tumebaki wima. "Sekunde kumi na tisa," akasema. "Vituo vyote nilivyokagua, sijaona kasi hii."

Akajaza fomu, akanipa nakala. Imeandikwa: "Watoto wamefaulu. Mwalimu arudie wiki ijayo." Nimeisoma mara nne na bado sijui kama nifurahi.

Basi majirani zangu wa Kawe, chekeni mmalize leo. Ila siku mkisikia napiga kelele "Sindano! Sindano!", leteni maji, nyumba inaungua.