Wodi Aliyoisahau Mheshimiwa

Wizara ya Ustawi, Kumbukumbu na Mambo Yaliyopita iliutangazia umma, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari, kwamba Mheshimiwa Waziri amesahau.

Hakusahau ovyo ovyo kama mimi na wewe, leo funguo, kesho sufuria jikoni. Alisahau kikazi. Alisahau wodi ya wazazi, ile aliyokwenda kuifungua kwa mkasi unaong'aa, utepe ukakatwa, ngoma zikalia, watu wakapiga makofi wamesimama kwenye majani matupu. Wodi yenyewe ilikuwa ije baadaye. Haikuja. Sasa ilikuwa imeundwa Tume ya Uchunguzi, nayo ilikuwa na swali moja tu: matofali ya wodi yalikwenda wapi? Wizara, kwa kutopenda kuipotezea Tume muda, ikajibu mapema kwamba mwenye jibu amesahau.

Kilichobaki ni kuthibitisha kitaalamu. Ndiyo maana Katibu Mkuu alikwenda hospitali ya rufaa, akashuka ngazi mpaka chumba cha chini kabisa, kwa Mtafiti.

Mtafiti alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye kalamu mbili nyweleni na ya tatu anayoitafuta. Kazi yake ilikuwa kutazama ubongo wa mtu aliye hai namna unavyokumbuka. Alikuwa na mashine moja, bomba kubwa jeupe ambamo mgonjwa alisukumwa kichwa kwanza kama mkate unaoingia tanurini, na picha zikatokea kwenye kioo chumba cha pili. Alitaka kujua sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na kwa wale ambao kiharusi kimewakatia njia, kama kuna njia nyingine ya kupita.

Mgonjwa wake wa kila wiki alikuwa mama mmoja mshonaji, wote wakimwita Fundi. Kiharusi kilimwachia mikono mizima kikaondoka na maneno. Ukimuuliza jina la binti yake anakutazama tu, machozi yakimlenga. Lakini Mtafiti alikuwa amegundua jambo dogo. Ukimwambia Fundi, "Kitendawili!" mdomo wake unajibu wenyewe, "Tega!" Neno hilo moja lilikuwa ncha ya uzi, na Mtafiti alikuwa akiuvuta taratibu, akiamini kwamba mengine yako nyuma yake yanakuja.

"Daktari," Katibu Mkuu alianza, akiwa amefungua daftari jipya, "tunaomba utuambie kusahau kwa Mheshimiwa kumekaa upande gani wa kichwa."

"Kumbukumbu haikai upande mmoja, Mzee. Si sukari, useme iko kwenye kopo. Chukua siku ya harusi. Sauti ziko huku, harufu ya manukato iko kule, sura ya shangazi aliyenuna iko kwingine kabisa. Kukumbuka ni vipande hivyo kuitana."

Katibu Mkuu aliacha kuandika. "Vinaitana kwa kibali cha nani?"

"Vyenyewe tu."

"Bila kupitia kwa mkubwa wao?"

"Hakuna mkubwa, Mzee."

"Kichwa kizima? Hakuna hata kaimu?"

"Hakuna."

Katibu Mkuu alijishika kichwa chake mwenyewe, kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote hii amekuwa akitembea na chama kisichosajiliwa.

"Hayo tutayatungia mwongozo," akasema alipopata nguvu. "Kwa sasa, taarifa yako kwa Tume itasema Mheshimiwa amesahau. Isiposema hivyo, mashine hii itahamia Wizarani. Pale mapokezi pana nafasi kubwa, hapana pambo."

"Na wagonjwa wangu?"

"Wataandikiwa barua."

Mtafiti alimtazama Fundi, aliyekuwa kwenye benchi mlangoni amepakata mfuko wa vitambaa. "Yule hawezi tena kusoma barua."

"Basi haitamsumbua," akasema Katibu Mkuu kwa huruma.

Mheshimiwa aliletwa kupimwa kesho yake. Alikuwa mtu wa tumbo na bashasha, lakini alipoliona lile bomba bashasha ilimtoka yote.

"Hiki kidude kinafungwa kwa nje?"

"Hakifungwi, Mheshimiwa."

"Kikigoma mimi nimo ndani?"

"Tutakuvuta miguu."

Alisukumwa ndani akipumua kama aliyekimbizwa na mbwa. Kwa mtu anayetetemeka, picha haitoki. Mtafiti akavuta kipaza sauti, akafanya kama anavyofanya kwa kila mgonjwa mwoga.

"Kitendawili!"

"Tega!" likajibu bomba.

"Kila anayeingia kwangu humshika mkono, wala hamsalimu."

"Kitasa cha mlango!" Mheshimiwa alicheka humo ndani mpaka soksi zikachezacheza nje. "Daktari, lete vya watu wazima! Mimi tangu utoto sijawahi kutoa mji. Waulize kijijini kwetu!"

Na kutoa mji, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi, ndiyo adhabu ya mtu aliyeshindwa kutegua. Anamtajia mtegaji mji, mtegaji akiridhika nao anauchukua, akiukataa anatajiwa mwingine. Ni miji ya mdomoni tu, lakini wapo waliolia kwa kuitoa.

Mtafiti aliona picha imetulia. Akasema polepole, "Wodi ya wazazi."

Kioo kiliwaka kama mtaa uliorudishiwa umeme. Huku kikaita, kule kikaitika, kule kwingine kikadakia.

Katibu Mkuu aliinama karibu. "Hizo rangi ndizo kusahau?"

"Picha hainiambii anawaza nini, Mzee. Ila kusahau hakuna kelele hivi."

"Andika kusahau. Kusahau kwa bidii."

Jioni ile taarifa ililetwa ikiwa imeshapigwa chapa. Ilisema kwamba sehemu za ubongo wa Mheshimiwa zina nidhamu ya hali ya juu na haziwasiliani mpaka zimeandikiana. Mtafiti alitakiwa aisome tu mbele ya Tume, tena aende na Fundi, ili wananchi waone mtu aliyesahau anafananaje na wamhurumie Mheshimiwa ipasavyo.

Siku ya Tume ukumbi ulifurika. Feni zilikuwa zimetengenezwa kwa hafla hiyo, yaani zilipakwa rangi. Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye miwani iliyomshuka puani, alifungua kikao kwa kusoma Kanuni ya Neno Lililotoka, iliyotungwa na Mheshimiwa mwenyewe: neno lolote likishasemwa mbele ya Tume na Karani akaliandika, halifutiki, halikanwi, na lazima litekelezwe. Mheshimiwa aliitunga kwa uchungu, maana wananchi walikuwa na tabia mbaya ya kuisifu Wizara leo na kubadilisha maneno kesho.

"Mtafiti," akasema Mwenyekiti, "Mheshimiwa amesahau au hakusahau?"

Mtafiti alisimama na taarifa mkononi. Kushoto kwake Katibu Mkuu alikuwa amekaa na kipande cha utepe, anakadiria upana wa ile mashine, pambo la mapokezi. Kulia kwake Fundi, amemshika binti yake kiganja. Akisoma, anabaki na mashine yake na uongo ndani yake. Asiposoma, Fundi ndiye atakayebaki na neno moja maisha yake yote.

"Mwenyekiti, kabla ya kusoma, naomba nieleze nilivyopima."

"Ulipimaje?"

"Kwa vitendawili."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini miwani ilimcheza. "Tuonyeshe."

Katibu Mkuu aliinuka nusu. Mheshimiwa, aliyekaa kando yake, akamshika koti akamkalisha. "Mwache," akanong'ona, uso umeshaanza kung'aa. "Hivi naviweza."

"Kitendawili!" Mtafiti akaita.

"Tega!" Ukumbi mzima, mpaka askari wa mlangoni.

"Nilimpiga kichwani, hakulia. Akaingia ndani akajificha."

"Msumari!" Mheshimiwa aliwahi kabla ya watu wote, akageuka huku na huku kupokea makofi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina utepe, haina ukuta. Ilifunguliwa, na mlango haijawahi kuwa nao."

"Wodi ya wazazi!" akanguruma Mheshimiwa, na mikono yote miwili ilikuwa imeshapaa juu kwa ushindi aliposikia alichokisema.

Kalamu ya Karani tu ndiyo iliyosikika. Mikono ya Mheshimiwa iliteremka mmoja mmoja, kama bendera za siku ya msiba.

"Nadhani," akasema Mwenyekiti, "taarifa hiyo unaweza kuiweka chini, Daktari. Kipo kingine?"

"Kimoja, Mwenyekiti. Kitendawili!"

"Tega!"

"Wanangu wekundu niliwatuma wodini, hawakufika. Sasa wamesimama bega kwa bega wanamlinda mtu mmoja."

Kila mtu ukumbini alikuwa akipita mbele ya ukuta ule wa matofali akienda sokoni. Ulikuwa mrefu, mwekundu, mpya, na nyuma yake kulikuwa na nyumba ya ghorofa yenye roshani ya kupungia watu mkono. Tume peke yake ndiyo iliyokuwa haijapita njia ile. Watu waliminya midomo, wakamtazama Mheshimiwa.

Mheshimiwa alijua jibu. Lilimjaa mashavuni, likamvimbisha shingo. Alilimeza kama mfupa.

Hapo ndipo sauti ilipotoka, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi.

"Toa mji!"

Binti aligeuka kama aliyeguswa na umeme. Fundi alikuwa amesimama, mfuko wa vitambaa umemwanguka miguuni, kidole amekielekeza kwa Mheshimiwa. Mtafiti aliziba mdomo. Neno la pili! Lilikuwa limeitwa na mwenzake, limekuja.

"Toa mji! Toa mji!" ukumbi ukadakia.

Mheshimiwa, ambaye tangu utoto hajawahi, alijifuta jasho. Alijua mchezo ni mchezo, na kamera zilikuwa zinamtazama. "Haya, mama, chukua kijiji chetu chote nilikozaliwa."

Fundi akatikisa kichwa.

"Nakupa mji wenye bandari. Na meli zake."

Akatikisa tena.

"Mji mkuu! Na ikulu ndani yake, utake nini zaidi?"

Fundi alifumba macho. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena. "Kwako," akasema.

Watu walipiga meza, wakapiga ukuta, wakapigana mabega. Mheshimiwa alitazama mlango ulivyo mbali. "Haya, chukua!" akapiga kelele kuuzidi ukumbi. "Nimekupa kwangu! Tumalize!"

Na Karani, mtu makini aliyeogopa Kanuni kuliko radi, akaandika.

Rufaa ilipelekwa. Ilirudi. Kanuni ilikuwa imetungwa vizuri mno, haikuwa na tundu hata la sindano kupita. Wanasheria wa Wizara waliikagua wakakiri kwamba hawajawahi kuona kazi safi namna ile, wakampongeza Mheshimiwa. Fundi alipoulizwa nyumba aifanyie nini, alionyesha kwa kidole tumbo la binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuvaa magauni mapana.

Basi lile gari la vipaza sauti likapita tena. Wizara iliutangazia umma, kwa furaha ileile, kwamba kwa hiari na upendo wake Mheshimiwa amesogeza wodi ya wazazi karibu zaidi na wananchi, yaani sebuleni. Utepe haukukatwa, kwa kuwa ulishakatwa. Kina mama walijifungulia chini ya taa ya vioo, na kwenye ile roshani zilianikwa nepi. Mashine ya Mtafiti ilibaki mahali pake, maana Katibu Mkuu, alipoulizwa na Tume nani alitishia kuihamisha, alisema amesahau.

Siku moja Mheshimiwa alishuka ngazi za hospitali peke yake, bila msafara, akakaa kwenye benchi. Kando yake Fundi alikuwa akimtuma binti yake uzi mweusi, tena kwa kumwita jina lake kamili.

"Daktari," akasema Mheshimiwa chini chini, "huwezi kunikatia zile njia za kichwani? Za siku ile tu. Nasikia harufu ya nepi mpaka usingizini."

"Mimi sikati, Mzee. Naunga."

Fundi alimgeukia, akamtazama vizuri usoni, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Kitendawili!"

Mheshimiwa alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini vile vipande vya kichwani mwake, visivyo na mkubwa wala kibali, vilikuwa vimeshaitana.

"Tega," ikapenya katikati ya vidole.