Ombi la Kumfelisha Baba Yangu Darasa la Tisa

Kwako Mwalimu Mkuu, Bi Hedvika Mlakar,

Mimi ni Zalka Vrbnjak, yule msichana anayefanya mitihani akiitazama meza. Mimi na mdogo wangu Lovrenc tunasomea nyumbani, na kila Juni tunakuja kwako kupimwa. Naandika kwa sababu kusema siwezi.

Mwaka huu, kwa wema wako, ulimruhusu baba yetu, Ciril, afanye mtihani pamoja nami. Ulidhani ni utani. Baba hajui utani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba alianza kusoma ili atusaidie. Sasa sisi ndio tunaomsaidia. Hatuli mpaka tumsahihishie hesabu zake. Akikosea anapiga kelele, "Ngoja, ngoja, usiniambie!" huku viazi vinaungua.

2. Amejifunza kupiga kodiani. Anajua wimbo mmoja. Ng'ombe wa jirani wamegoma kutoa maziwa, na jirani mwenyewe alisimama uani akasema, "Ciril, bwana, niuzie hilo dude nilichome!"

3. Tulipofika somo la kuchora, alipaka rangi mbao za mbele za mizinga yetu ya nyuki, kama wafuga nyuki wote wa huku. Wenzake huchora watakatifu. Baba alichora kamati yenu ya mtihani. Wewe uko mzinga wa kwanza, na umependeza. Mwalimu wa kemia yuko wa tatu, na nyuki wake ni wakali kuliko wote.

4. Kwenye mtihani wa historia mliniuliza swali, nikanyamaza. Baba, aliyekuwa nje akisubiri zamu yake, akajibu kupitia tundu la ufunguo. Mimi nikapata nne. Yeye akapata tano, alama ya juu kabisa, na ameibandika kwenye friji juu ya yangu. Mama alimwambia, "Huoni aibu? Huyu si mwanao?" Akajibu, "Angesoma!"

5. Hili ndilo kubwa. Septemba naanza sekondari mjini Maribor, nitaishi bwenini. Baba amenunua begi la mgongoni, jekundu. Anasema cheti chake cha darasa la tisa, la mwisho kabla ya sekondari, kikitoka tu, tunakwenda wote. Ameshauliza kama bwenini wanaruhusu mizinga. Mwalimu, nina miaka kumi na mitano na sijawahi kusoma mahali ambapo baba yangu hayupo. Akija, nitajibiwa maswali yangu yote mpaka nizeeke.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu umfelishe. Somo lolote litafaa. Napendekeza michezo, kwa kuwa hajui kuruka kamba. Lakini fanya haraka, tafadhali, maana ameanza mazoezi ghalani.

Nisalimie walimu wote. Mwambie wa kemia kwamba ndevu zake tutazipaka upya kabla ya baridi.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Zalka Vrbnjak

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua. Jana nilikwenda Maribor peke yangu kupeleka fomu. Mama wa ofisini aliniuliza jina langu. Aliniuliza mara tatu. Nilitazama meza. Ndipo tundu la ufunguo nyuma yangu likasema, "Zalka! Anaitwa Zalka, ila ana haya!" Alikuwa amenifuata kwa basi la pili, na begi lake jekundu.

Mpe tu cheti. Na kama unafahamiana na mwalimu mkuu wa kule, mwombe asizibe matundu ya milango.