Kompresa, Shemeji na Keki ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Friji imekufa. Imekufa asubuhi, kwa adabu. Kwanza ilikohoa, kisha ikatetemeka kama gari la mwanafunzi aliyeachia klachi haraka, kisha kimya. Mke wangu akafungua mlango, akatia mkono ndani, akanitazama mimi. Sikuigusa! Wiki hii nzima nilikuwa bado sijaigusa.

Balaa lenyewe ni hili. Jumamosi kuna harusi, na keki ya harusi hiyo inatengenezwa na mke wangu. Ngazi tatu, krimu kila mahali. Mama mwenye ukumbi wa sherehe amemwambia kwamba keki hii ikisimama wima mpaka ikatwe, basi keki zote za ukumbi ule atapewa yeye. Nafasi hii ameingoja tangu alipoacha kazi ya hotelini. Na krimu bila baridi ni mchuzi. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Akasema anampigia simu kaka yake. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni fundi wa friji. Nikasema hapana, tena kwa haraka iliyonishtua mwenyewe. Mwaka jana, mbele ya ukoo mzima, huyu shemeji alisema kwamba mimi nikiachwa chumbani na taa, taa itaungua na mimi nitabaki gizani nikiilaumu. Watu walicheka. Mama mkwe alicheka akashika mbavu. Sijasahau na sina mpango wa kusahau.

Nimemwambia mke wangu atulize moyo, namjua mtaalamu bora zaidi. Akauliza ni nani. Nikasema ni mtu wa kazi kimyakimya, hapendi kusifiwa.

Ni mimi. Nafundisha watu udereva, injini naijua nje ndani. Kompresa ni nini kama si injini ya friji?

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nilikuwa na yule mwanafunzi wangu mshona nguo. Mama mzima, cherehani anaiendesha kama upepo, lakini kwenye gari hajui kushoto wala kulia. Namwambia kata kushoto, anakata kulia na kuniambia kwamba kwake cherehani imegeukia upande mwingine. Nimempa maneno yake. Nimemwambia mtu asiyejua kushoto na kulia asiguse chombo chochote chenye injini.

Mchana dukani kwa muuza vipuri. Amenieleza kwamba kompresa kama yetu hazipatikani tena. Zilizopo zinatumia gesi nyingine. Ukibadili kompresa, unabadili na gesi, na chujio pia, halafu unavuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza. Gesi hii mpya inaingia kidogo, haifiki nusu ya ile ya zamani, na inapimwa kwa mizani. Tena inawaka moto, kwa hiyo kiberiti kikae mbali. Nikamwambia hayo yote nayajua. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Akaendelea kusema kitu kuhusu paipu za kompresa hii, kwamba hazikupangwa kama za ile ya zamani, nisome kibandiko. Nusu ya maneno yake ilinipita kwa sababu wakati huohuo nilikuwa namweleza jinsi gia zinavyofanya kazi. Mtu mwenye heshima yule, ila hajui kusikiliza.

Gesi na chujio nimeviweka nyuma ya gari la shule ya udereva, na kompresa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nimeifunga mkanda.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi mkubwa wa akili.

Pampu ya kuvuta hewa anayo shemeji. Kumwomba shemeji ni sawa na kujivua nguo sokoni. Lakini shemeji anaishi na mama yake, na shemeji mchana yuko kazini. Nikaenda kumsalimu mama mkwe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za nyumbani, nzuri tu. Nikamwambia shule yetu inahitaji pampu kwa masomo ya tairi. Akasema hajui pampu ni ipi. Nikamwonyesha. Akauliza kama mwanawe ana habari. Nikasema tumeelewana, jambo ambalo lingeweza kuwa kweli kama tungewahi kuelewana.

Kazi ya kuunga paipu nimempa Cheche, anayechomelea mageti pale njia panda. Friji hajawahi kuigusa, lakini alisema chuma ni chuma. Nikamwambia hii ni shaba. Akasema shaba naye ni mtoto wa chuma. Napenda mtu anayejiamini.

Mke wangu alipokwenda kununua mayai, tukaingia kazini. Tukaitoa ya zamani. Kabla ya kuitoa nilikariri: paipu ya kushoto inatoka ndani kwenye friza, ya kulia inakwenda kwenye wavu wa nyuma. Kushoto friza, kulia wavu. Nilirudia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukaweka mpya palepale. Paipu nene ikakataa kuingia mahali pake, na nyembamba ikapwaya kwenye pake. Cheche akaipanua moja na kuibana nyingine kwa koleo, akasema viwandani siku hizi hawapimi. Akaunga. Mishono mikubwa kama ya geti la jela, lakini haivuji hata chembe.

Mke wangu aliporudi nikamwambia mtaalamu ameshakuja na kuondoka. Akauliza mbona mimi ndiye mwenye masizi usoni. Nikasema nilikuwa namsaidia kushika tochi.

Alhamisi, 6 Machi

Pampu imevuta hewa muda mrefu, mpaka mimi mwenyewe nikahisi kukosa pumzi. Kisha gesi. Nimepiga marufuku moto nyumbani. Tumekula mkate na chai ya jana. Gesi nimeipima kwa mizani ya keki ya mke wangu, taratibu, mpaka ikafika palepale alipotaka muuza vipuri. Shemeji angekuwepo angepaliwa na wivu.

Nikachomeka umeme. Ikanguruma! Ngurumo tamu, ya chini, ya injini iliyoshiba. Machozi yalinilengalenga, siyaonei haya.

Kabla ya kuwasha nilikuwa tayari nimempangia mke wangu vitu vyake ndani: bakuli kubwa la krimu ya keki, siagi, na unga wa mkate aliokanda ili uumuke polepole kwenye baridi hadi asubuhi. Keki zenyewe ziko kabatini zikingoja kupakwa. Nikafunga mlango na kuupiga utepe wa gundi. Injini mpya hailazimishwi. Nimemwambia haufunguliwi mpaka kesho.

Jioni nikapitisha mkono nyuma ya friji. Wavu wa nyuma ulikuwa baridi! Una umande, na mahali pengine ukungu mweupe wa barafu! Kwa friji ya kawaida nyuma huwa joto. Yetu baridi imezidi ndani mpaka inamwagikia nje. Nimemwita mke wangu aje aguse. Akagusa. Akasema ni ajabu, kwa kaka yake hajawahi kuona hivyo. Nikasema ndiyo tofauti ya mtaalamu na mtaalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mke wangu alikata utepe. Mlango ulijifungua wenyewe, kwa sababu unga wa mkate ulikuwa umeumuka ukajaa, ukanyanyua rafu, ukawa unasukuma kutoka ndani kama mtu anayetaka kushuka kwenye gari. Joto likatupiga usoni. Krimu ilikuwa imeshuka rafu kwa rafu hadi kwenye droo ya mboga, imelala humo, njano. Siagi sikuiona tena.

Nikasema labda inahitaji kupumzika. Nikasema labda umeme. Nikasema labda mtaalamu alikosea kidogo.

Mke wangu akakaa juu ya ndoo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniuliza mtaalamu ni nani, na alivyouliza nikajua amejua tangu siku ya masizi. Nikasema ni mimi. Akasema:

"Sikukuomba umshinde kaka yangu. Nilikuomba baridi."

Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikumbuka jinsi alivyochora hiyo keki kwenye kila karatasi ya nyumbani, hata kwenye risiti za maji, tangu alipopewa hiyo kazi. Nikachukua simu nikampigia shemeji mimi mwenyewe. Nimeandika hapa ili isije ikasemwa kwamba alipiga mke wangu.

Shemeji akasema anakuja, ila kuna mwizi amemwibia pampu. Nikamwambia mwizi yuko hapa, aje tu.

Akaja na mama mkwe, ambaye alitaka kuiona shule ya tairi. Shemeji akagusa nyuma. Akafungua mlango. Akagusa nyuma tena. Akachuchumaa akatazama paipu, kisha akakaa kabisa sakafuni, mabega yakitikisika. Nilidhani analia.

"Shemeji," alisema alipopata pumzi, "friji umeitia rivasi."

Kumbe hiyo kompresa mpya imepangwa kinyume. Kushoto kwake ni kulia kwa ile ya zamani. Baridi tuliipeleka nyuma, joto tukaliingiza ndani. Mama mkwe alishika mbavu zilezile za mwaka jana. Mimi nilikuwa namfikiria yule mshona nguo, na sikutaka kumfikiria.

Shemeji aliitoa gesi nje uani, akatufukuza sote, hata Cheche aliyekuja kuchungulia na sigara sikioni. Akakata, akabadilisha, akaweka chujio jingine, akaunga kwa mishono myembamba aliyonionyesha mmoja mmoja bila kuombwa. Akavuta hewa kwa pampu yake huku akiipapasa kama mtoto aliyepotea na kupatikana. Akauliza gesi niliweka kiasi gani. Nikamtajia. Akasema kiasi hicho ni sawa.

Gesi ilikuwa sawa! Naomba ieleweke.

Wakati akifanya kazi, mama mkwe hakutaka unga ule utupwe, akauoka. Mkate ukatoka mrefu, mwepesi, laini mpaka kisu kikawa hakina kazi. Tulikula sote tumesimama jikoni, hata shemeji. Mama mkwe akakata kipande cha pili, akasema katika maisha yake hajala mkate kama huo.

Alasiri friji ikashika baridi, ndani, mahali pake. Mke wangu akapiga krimu upya. Nilijitolea kushika bakuli. Akaniambia nishike kiti, nikikalie.

Jumamosi, 8 Machi

Keki imesimama! Imesimama mpaka ikakatwa, na hata ilipokatwa ilikatwa kwa shida, kwa sababu watu walitaka kuipiga picha kwanza.

Kuipeleka niliendesha mimi. Sijawahi kuendesha vizuri hivyo. Kila tuta nililipanda kama napanda kitanda cha mtoto mchanga. Honi za nyuma yangu sikuzisikia. Mke wangu alikaa na keki, mkono mmoja kwenye sahani, na tulipofika salama ule mwingine akauweka juu ya wangu. Kisha akaniambia nisiguse meza.

Mama mwenye ukumbi amemwambia wiki ijayo aje na keki mbili. Mke wangu alilia kidogo nyuma ya pazia la ukumbi, nami nikalia nikimsindikiza. Shemeji alikuwepo kama mgeni, akiwasimulia watu hadithi ya rivasi meza kwa meza. Nimemsamehe. Nimemsamehe kwa leo.

Jumanne, 11 Machi

Mshona nguo amefaulu mtihani wa udereva. Kushoto, kulia, bila kosa. Nimempongeza. Ameniuliza kwa nini sikumwangalia usoni.

Sasa jambo la maana. Asubuhi mke wangu alikuwa anakanda unga. Akasema, akijisemea tu, kwamba mkate wa Ijumaa haujarudi tena, unga hauumuki vile. Jana mama mkwe alipiga simu kuuliza kama kuna mkate ule. Watu wawili, siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza shemeji. Aliyeutengeneza mkate ule ni nani? Joto lile lilitoka wapi?

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima aliyepata funzo. Friji yetu siigusi. Nimemwahidi mke wangu, na ahadi ni ahadi. Lakini friji ya mama mkwe ni kubwa kuliko yetu, haina kasoro yoyote, na Alhamisi mama anasafiri kwenda kwa dada yake, shemeji anampeleka. Atakaporudi atakuta mikate yake mwenyewe inaumuka ndani. Atafurahi mpaka akose cha kusema.

Cheche amekubali tuitie rivasi. Kushoto na kulia nimeviandika kiganjani kwa wino usiofutika. Na pampu haina haja ya kuazimwa, maana safari hii kazi inafanyika palepale inapokaa.