Ruhusa ya Kupanda

Muhuri, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakukosa muhuri wa kugonga mfukoni, alikuwa anakunywa chai kibandani alipoona wapanda miamba wanne wakirudi wamenuna, kamba mabegani. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amewafungia geti. Mwamba pekee wa kufanyia mazoezi ulikuwa nyuma ya shamba lake, na mashindano yamebaki wiki mbili.

"Yule ni shangazi yangu," akadakia Muhuri, ambaye hakuwa na shangazi upande ule wa dunia. "Mwamba ule naupanda tangu sijaota meno. Niachieni mimi."

Kesho yake akawa barazani kwa mwalimu.

"Shikamoo, mama. Kuna vijana wanne wanakuomba ruhusa. Wanachotaka ni kupanda tu."

"Marahaba. Kupanda?" Mwalimu akalitazama shamba lake. Limeshalimwa, mvua iko njiani, na vibarua wamemkimbia. "Mungu akubariki, mwanangu. Waje hata kesho!"

Muhuri alijua fika alivyoeleweka, akanyamaza kwa adabu. Mwalimu akaandika: *Wenye barua hii wanaruhusiwa kupanda.* Muhuri akaigonga mihuri mitatu, mmoja wa chama cha wafuga nyuki, akawauzia wale vijana kwa bei ya kuumiza.

Jumamosi alitaka kuishia getini, lakini wakamshika mkono kwa upendo: yeye si ndiye mwenyeji? Ndani, mwalimu aliwangoja na majembe matano na debe la mbegu za mahindi.

"Mama, sisi tunapanda mwamba," akasema dada aliyewaongoza, akimkabidhi barua. "Mpwa wako ndiye aliyetuuzia ruhusa, na anasema mwamba huu anaupanda tangu hajaota meno."

"Mpwa wangu? Aliyewauzia?"

Mwalimu akamtazama Muhuri juu ya miwani. Miaka thelathini alikuwa amefundisha sarufi, na kitenzi kimoja kilikuwa kimempiga chenga. Iliuma.

"Basi tusaidiane," akasema. "Nipandieni shamba hili, na mwamba ni wenu kila Jumamosi, bure. Mpwa wangu atatangulia, maana ameuzoea."

Walipanda mahindi mpaka alasiri, Muhuri akiwa katikati yao ili asipotee. Saa kumi alikuwa juu, kamba kiunoni, amelikumbatia jiwe na kulia kwa sauti. Pochi aliirusha chini kabla hajaombwa.

"Hela zenu hizo zote! Nishusheni jamani!"

Mwalimu akarekebisha miwani, akaikunjua barua, akaisoma polepole mpaka mwisho.

"Pole, mwanangu," akamwitia. "Kushuka hakumo."